Ruhusa kwa Kila Mtu

Jua lilikuwa linazama, na Chapuchapu alikuwa na kazi moja tu kabla ya kwenda nyumbani: kupandisha picha za marehemu mama mkwe wake kwenye tovuti ya ukoo. Jina hilo la utani alipewa na mafundi wenzake wa kompyuta, kwa sababu kazi iliyowatoa wengine jasho yeye aliimaliza kabla chai haijapoa. Wifi yake, aliyezingoja picha hizo, alishampigia simu mpaka Chapuchapu akachoka kupokea. Mumewe alikuwa safarini, mtoto alikuwa nyumbani na yaya mpya, na ofisini alibaki yeye na mlio wa feni.

Akafungua FTP, programu ya kupelekea mafaili, akaingia kwenye seva, ile kompyuta inayohifadhi tovuti, akaburuta picha.

Seva ikakataa. Huna ruhusa ya kuandika kwenye folda hii.

Akasonya. Njia sahihi aliijua: unaangalia nani hasa anahitaji kuandika humo, unampa huyo peke yake. Lakini nani ana subira hiyo jioni? Akafungua kidirisha cha ruhusa, akaweka alama kwenye kila kisanduku. Mmiliki, kikundi, kila mtu. Sasa yeyote yule angeweza kuweka kitu humo, au kukiondoa. Nitafunga baadaye, alijiambia, kama mafundi wote wanavyojidanganya.

Picha zikapanda.

Kisha ikapanda moja ambayo hakuituma...

Ilikuwa sebule yake mwenyewe, mapazia yale yale, nepi zimeanikwa kwenye mgongo wa kiti. Kwenye kochi alikaa mama mkwe, amevaa sweta la kijivu alilozikwa nalo. Ofisi ikaanza kunuka dawa ya kuchua, ile aliyokuwa akijipaka magotini. Mama huyo hakuwahi kupiga hodi alipokuwa hai, na Chapuchapu hakuwahi kumsamehe kwa hilo.

Akaifunga picha, akaifungua tena.

Sasa mtoto alikuwa mapajani mwa mama mkwe.

Chapuchapu akapiga simu nyumbani. Yaya akapokea kwa kunong'ona.

"Mtoto yuko wapi?"

"Bibi yake amempakata, dada. Ndiyo kwanza anasinzia."

Yaya alikuwa mgeni. Hakujua kwamba mtoto huyo hana tena bibi. Bila kukata simu, Chapuchapu akarudi kwenye kidirisha, akafuta alama zote za kuandika, akabonyeza sawa. Folda ikafungwa.

Picha ikabaki pale pale.

Akajipa ruhusa yeye peke yake, akajaribu kuifuta. Seva ikakataa. Kila faili lina mmiliki, lakini kwa hili nafasi ya jina la mmiliki ilikuwa tupu. Hapo akaelewa alichofanya. Asiye na jina kwenye seva hupita kwa ruhusa moja tu, ile ya kila mtu. Mama mkwe aliingia kwa hiyo, na Chapuchapu alikuwa ameifunga mama huyo akiwa bado ndani.

"Dada..." Sauti ya yaya ilitetemeka. "Bibi anasema alikuja kumwona mjukuu tu. Anataka kuondoka, mlango umegoma. Anasema kama hafunguliwi, basi watalala wote wawili." Akamgusa mtoto. "Mikono ya mtoto imekuwa baridi."

Chapuchapu hakufikiri. Akaweka alama tena kwenye visanduku vyote. Sawa.

Picha ikatoweka. Harufu ya dawa ikapungua. Kwenye simu mtoto akaangua kilio kikubwa, cha mtoto mwenye afya yake, na mama yake akalia naye kwa furaha, kamasi na machozi pamoja.

Akapeleka mshale wa kipanya kwenye kisanduku cha kila mtu, afunge safari hii kabla hajaingia mwingine.

"Bibi ametoka, dada," yaya alinong'ona. "Lakini hawa wengine walioingia sasa hivi... kochi limejaa. Niwaketishe wapi?"

Kidole kikabaki hewani juu ya kipanya. Akifunga sasa, anawafungia ndani na mtoto.

Na kwenye skrini, picha ambazo hakuzituma ziliendelea kupanda.