Chumba Kisicho na Mlango

Povu la pima maji lilikataa kutulia. Mama Timazi aliilaza pima juu ya ukuta, akangoja, na povu likaenda kushoto, likarudi kulia, likaenda tena kushoto, taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala. Akaifuta kwa upindo wa gauni, akairudisha. Vilevile. Ukuta ukionekana unapumua basi fundi hajalala vizuri, alijiambia, akaenda kunywa maji.

Jina hilo alipewa na darasa la uashi, kwa sababu timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia wima wa ukuta, haikumtoka mkononi. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, mkubwa kuliko wenzake wote wa uashi na mkubwa kuliko mwalimu, na alikuwa akisoma darasa moja na binti yake wa kumzaa. Watu walicheka: mama na mwana benchi moja! Waache wacheke. Chuo kilikuwa katikati ya mashamba, mwendo wa nusu saa kwa miguu, na ada yake hata mfua nguo aliimudu. Yeye alikuwa mfua nguo. Miaka ishirini alifua jasho la wengine, na alichotaka sasa ni kimoja tu, binti yake asije akafua.

Unafuu wa chuo kile ulikuwa na sababu: hakuna kilichotupwa. Matofali ya mazoezi yaliungwa kwa udongo na chokaa, bila saruji, ili jioni yabomolewe, yakwanguliwe, kesho yajenge tena. Vyumba vya mtihani pekee, ambavyo kila mwanafunzi alijenga chake, ndivyo vilivyoruhusiwa kulala bila kubomolewa, navyo kwa sharti.

"Acheni mlango," mwalimu aliwaambia siku ya kwanza. "Ukiziba kwa mazoezi, zibua kabla jua halijazama."

Wote walidhani ni ubahili wa matofali. Mwalimu naye alidhani hivyo, maana naye aliambiwa tu na aliyemtangulia.

Wiki ya mwisho Mama Timazi alipewa zoezi la kuziba mlango, na matofali yake yakaporomoka mbele ya darasa zima. "Mama," mwalimu akatania, "hayo umejenga au umeanika?" Darasa likaangua kicheko. Binti yake peke yake hakucheka. Aliinamisha kichwa, na kile kichwa kilichoinama kilimchoma mama kuliko vicheko vyote.

Kesho yake, jua la utosini, wenzake wakiwa wanakula, alichota saruji ghalani bila kumwambia mtu. Alikwenda kwenye chumba cha mtihani cha binti yake, kuta nne, upana wa hatua mbili, kimefunikwa kwa zege juu. Ndani mlikuwa na kivuli na ubaridi mzuri. Akaziba mlango, tofali kwa tofali, mpaka la mwisho likaingia kwa kusukumwa. Mwalimu aliporudi alipitisha kiganja juu ya matofali.

"Umeweza, mama. Sasa zibua."

"Nitazibua, mwalimu."

Hakuzibua. Alitaka kuutazama asubuhi, na asubuhi ndipo povu lilipokataa kutulia.

Siku ya pili mchana walisikia mwiko. Ko, ko, ko. Ndivyo fundi anavyogonga tofali likae, na sauti ilitoka ndani ya chumba kisicho na mlango. Wanafunzi walitazamana. Kulikuwa na harufu ya chokaa mbichi na ya nywele zilizoungua.

"Panya," mmoja alinong'ona.

"Panya fundi?" mwingine akamjibu, na hakuna aliyecheka.

Siku ya tatu Mama Timazi alimkuta binti yake amechuchumaa nyuma ya ghala, midomo myeupe, anatafuna chokaa kavu huku machozi yakimtoka.

"Mwanangu, unakula nini?"

"Sijui, mama. Si mimi ninayekula."

Alimvuta mpaka kwa mwalimu na kukiri kila kitu, saruji na yote. Mwalimu hakugomba. Alichukua nyundo kubwa, akausogelea mlango uliozibwa, akapiga.

Tofali lilipasuka, na hatua kumi nyuma yake binti akapiga yowe na kuanguka; mfupa wa bega ulikuwa umekatika na ncha yake imeinua ngozi. Mwalimu hakuelewa, nani angeelewa, akainua tena nyundo huku mama akimkimbilia akipiga kelele aache, lakini nyundo ikishashuka haisikii, ikatua, na mbavu za binti zikalia mfululizo kama kuni kavu zinazovunjwa gotini, damu ikamtoka mdomoni ikachanganyika na chokaa, na kutoka ukutani lile tofali lililopasuka likaruka lenyewe, likampiga mwalimu taya, meno yakatawanyika juu ya mchanga uliochekechwa. Kisha ile nafasi iliyobaki ukutani ikajifunga kwa tofali jingine lililosukumwa kutoka ndani. Ko, ko, ko.

Wanafunzi walitimka, wengine waliruka ua. Aliyebaki ni Mzee Koki wa darasa la ufundi bomba. Alikuwa mganga miaka thelathini, ameamua kusoma uzeeni kwa sababu, alivyopenda kusema, majini wamepungua lakini mabomba yanavuja kila siku. Alipiga magoti kando ya binti, spana ikiwa bado kiunoni.

"Wewe uliyemo humu," alisema kwa sauti ya chini, "unataka nini kwa mtoto wa watu?"

Binti alifumbua macho. Sauti iliyotoka ilikuwa nzito, na midomo yake haikusogea.

"Nilikuwa nimepumzika kivulini. Huyu mwanamke akanifungia. Nilikosa mlango, nikamfanya mwanawe mlango. Bomoeni kwa nyundo, muone nani atakayebomoka."

"Akikufungulia kwa adabu utatoka?"

"Kwa mkono ule ule, tofali la mwisho likianza. Na mkono uliofunga utangulie kuingia, kabla mimi sijatoka. Jua lisizame."

Mzee Koki alimtazama Mama Timazi. "Dada, umesikia. Majini hawana maneno mengi, lakini walilolisema wamelisema."

"Mwanangu atapona?"

"Bila hilo hatafika usiku."

Mama Timazi hakuuliza tena. Alichukua tindo na nyundo ndogo, akaanza na tofali la juu kabisa, akikwangua saruji yake mwenyewe, iliyokaza vizuri mno, na akaulaani ufundi wake. Kila tindo ilipoteleza, binti aligumia na mchubuko mpya ukajitokeza mwilini mwake, shingoni, tumboni, shavuni, mpaka mama akaitupa tindo na kuchimba kwa kucha, kucha zikang'oka moja baada ya moja naye akaendelea na nyama, akiomba, akitukana, akimwambia mwanawe vumilia, vumilia mama, limebaki moja, na lilipotoka moja likabaki jingine, na jua likawa linagusa mahindi ya shamba la pili ilipofunguka nafasi ya kupitisha mkono, na kutoka mle gizani ikamjia pumzi ya moto usoni.

Aliingiza mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko.

Ulishikwa. Ulibanwa taratibu, kidole kwa kidole, kama mtu anayekamua nguo, na yeye aliyekamua nguo miaka ishirini alijua kila mzunguko unaofuata. Alipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Kisha upepo wa moto ukampita, ukavunja zege la juu, ukalaza mahindi ya shamba zima na kutoweka. Mzee Koki aliukata mkono uliokuwa umebaki ukining'inia kwa ngozi, akafunga jeraha kwa mkanda wake.

Binti alilala hospitali miezi miwili. Alirudi chuoni amekonda, akafanya mtihani, akafaulu, na siku alipoleta cheti nyumbani mama yake alikibandika ukutani kwa mkono wa kushoto, akalia kwa furaha bila kujificha. Kidonda chake kilikuwa kimefunga. Mwanawe hatafua nguo. Aliona amelipia kitu chenye thamani.

Adhuhuri ile ile, akiwa anaosha vyombo, alisikia mwiko. Ko, ko, ko.

Aliukagua ukuta wa jikoni. Akakagua wa sebuleni. Akaingia chumbani, binti amelala chali, amejichokea, usingizi mzito. Mama alipiga magoti, akaweka sikio kifuani pake. Moyo ulikuwa unapiga vizuri. Nyuma ya moyo, mbali kidogo, kuna mtu alikuwa anagonga tofali likae.

Mlango wa ukutani aliufungua yeye. Huu wa pili, ambao jini aliufanya ndani ya binti, haukufungwa na mtu, na majini wapitao kutafuta kivuli ni wengi. Mama Timazi alikumbatia mwanawe kwa nguvu zote, akakitazama kile kigutu cha mkono wake, mkono pekee uliojua kuziba.