Mikono Nyuma ya Kiti

Giza lilikuwa linaingia fundi friji alipofunga kibanda chake na kushika njia ya kwa kinyozi. Kesho yake wakwe watarajiwa wa binti yake walikuwa wanakuja kujitambulisha, na mkewe alikwishamwambia wazi: "Baba Watoto, ukikaa mbele ya wageni na hicho kichaka, nitasema wewe ni jirani."

Vinyozi wa mashine walijaa mtaani. Yeye alimpenda Mzee Taratibu, kinyozi wa zamani asiyetaka hata kusikia habari za umeme. Mkasi, kitana, na wembe wa kukunja aliounoa kwenye mkanda wa ngozi. Basi.

Jioni ile duka lilikuwa tupu. Mzee alisimama kando ya kiti cha chuma kama mtu anayemsubiri daktari atoke na majibu. Alipomwona fundi, uso ulimshuka.

"Kumbe ni wewe."

"Kwani ulikuwa unamngoja nani, mzee wangu?"

"Yeyote," mzee alisema, akitazama sakafu. "Kaa, mwanangu."

Akamfunga shuka shingoni na kumfunika uso kwa taulo la maji ya moto, kama alivyozoea kabla ya kushika mkasi. Harufu ya sabuni na spiriti ikampanda fundi puani. Akafumba macho, akashusha pumzi.

Kacha... kacha... kacha...

"Kijana mwenyewe mpole," fundi alisimulia chini ya taulo. "Lakini mama yake, mzee, anaongea kama redio iliyoharibika kitufe."

Kisha mkono ukamshika utosini, ukamwinamisha.

Ulikuwa wa baridi.

Fundi alikuwa ameshika mabomba ya friji nusu ya maisha yake, baridi anaijua. Hii ilikuwa baridi ya kitu kisicho na damu ndani. Na chini ya harufu ya sabuni ikaja nyingine... ya udongo mbichi, uliotoka kuchimbuliwa.

Ndipo aliposikia mtu akikohoa. Kikohozi cha kukwaruza cha Mzee Taratibu. Kilitoka nje, barazani.

Mkasi haukusimama.

"Mzee?"

"Niko huku." Sauti ya mzee ilikuwa inatetemeka. "Usitikisike, mwanangu. Usifunue uso. Mwache amalize."

Pumzi ya baridi ikampitia sikioni. Mkasi ukawekwa chini. Halafu akasikia wembe ukinolewa... shwaa... shwaa... bila papara.

Makali yakatua chini ya sikio lake la kushoto.

Yakaanza kutambaa kuelekea kisogoni.

Alijirusha mbele, akaangusha meza ya poda, taulo likamtoka. Akageuka. Nyuma ya kiti hapakuwa na mtu. Wembe ulikuwa umelala wazi sakafuni, na kiti kilikuwa kinazunguka chenyewe, polepole, kumwelekea.

Nje alimkamata mzee kwa ukosi wa shati. Mzee hakujitetea.

"Ni nani yule?"

"Sijui. Kiti nilikikuta humo nilipopanga duka, naye nilimkuta. Akitaka kichwa, ananiambia."

"Na ukikataa?"

"Nilikataa mara moja tu." Mzee akajifuta macho kwa kiganja. "Nilikuwa na mtoto wa kiume."

Fundi akauachia ukosi. "Kwa nini mimi?"

"Hukuchaguliwa, mwanangu. Ni wewe tu uliyeingia." Akatazama upande wa kichwa usiokatwa. "Na hajamaliza," alinong'ona.

Nyumbani mkewe alianza kumcheka, akamwona anavyotazama mlango nyuma yake, akauliza kulikoni. Fundi alisema mzee ameugua ghafla. Mke akaahidi kumalizia kesho. Fundi alikomea mlango, akasukuma kabati dirishani, akakaa kitandani mgongo ukutani. Alfajiri usingizi ukamzidi.

Alipofumbua macho, mkewe alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, anamtazama.

"Umenyoa saa ngapi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Fundi akapapasa kichwa. Pande zote mbili zilikuwa sawa, safi kabisa. Kwenye mto hapakuwa na unywele hata mmoja. Kabati lilikuwa palepale dirishani. Shingoni tu, chini ya sikio, vidole vyake vilikuta mfereji mwembamba kama uzi. Haukuuma wala haukutoa damu.

Wageni walikuja. Walikula, walicheka, binti yake aling'aa. Mama wa kijana, aliyeongea kweli kama redio, alimsifu fundi mbele ya wote.

"Baba, umependeza. Mwanangu anatafuta kinyozi wa kumtengeneza siku ya harusi. Mwelekeze kwa huyo wako."

Kijana akatabasamu kwa heshima, akangoja.

Fundi alihisi ule uzi wa shingoni ukipoa ghafla. Na papo hapo, bila kuambiwa na mtu, akajua. Kichwa kingine kikienda pale, yeye ataachwa. Alimtazama kijana. Akamtazama binti yake akimwongezea kijana yule chai.

"Amefunga," alisema. "Amehama mji."

Usiku ule mkewe aliwasha taa, akamgeuza shingo, akaitazama kwa muda mrefu.

"Asubuhi huu mstari uliishia hapa," alinong'ona, akimgusa nyuma ya sikio.

Kisha kidole chake kikasogea... kikasogea... kikasimama katikati ya kisogo.