Aliyeita Baba Nyuma ya Peugeot

Tope hilo lingekuwa chini kwenye kapeti, hakuna ambaye angeuliza. Viatu ni viatu. Lakini lilikuwa juu ya kiti cha nyuma cha Peugeot 404 ya Mzee Lalit, kiti anachokitandika shuka jeupe utadhani kuna mgeni atakayelala hapo, na siku hizo Kisii ilikuwa kavu, hata migomba ya Kiogoro ilikuwa imenywea. Nyayo mbili ndogo, mbichi, zinanuka maji ya mto.

Priyanka, mke wa mwanawe Lalit, ndiye aliyeziona alipoingia gereji iliyo nyuma ya duka lao la vipuri. Akauliza nani ameingiza mtoto garini. Akaambiwa hakuna. Akapangusa, akaenda zake. Kesho yake zikawa pale pale.

"Ni paka," Lalit alisema.

"Papa," Priyanka akamjibu baba mkwe wake, "paka gani ana vidole vya mtu?"

Lalit akacheka. Ni mtu wa kucheka yule. Na msidhani napenda kutisha watu. Mimi mwenyewe nilipoisikia habari hii mara ya kwanza nilisema, aka, Kisii na majini wapi na wapi, majini si ya huko Mombasa? Sasa nimenyamaza.

Siku hizo Lalit hakuwa na nafasi ya kufikiria paka. Yeye na Nyanchera, mwalimu wa udereva mwenye Volkswagen ya zamani, walikuwa wakiandaa safari ya usiku kucha ya wapenzi wa magari ya kizee. Wangetoka Kisii mjini, wapite Keroka na Sotik hadi Kericho, warudi kwa njia ya Chemosit, wanywe chai Kebirigo nyumbani kwa mama yake Nyanchera, kisha Nyamira, na kupambazuke wakiwa Ogembo. Usiku, kwa sababu injini za kizee hazipendi jua, na mchana barabara ni ya malori ya majani chai na bodaboda zisizojua breki. Tena waondoke Jumamosi jua likishazama, maana nusu ya madereva ni Wasabato na hapo hakuna mjadala.

Kabla tope halijaonekana, walikuwa wameshaikagua njia kwa hiyo Peugeot. Kwenye daraja lililo chini ya Kebirigo injini ilichemka. Lalit alifungua mlango wa nyuma akatoa mtungi, akateremka mtoni kuchota maji, na mlango akauacha wazi. Nani hufunga mlango kwa safari ya kuchota maji?

Kisha zikaja redio za mkononi, zile wanazobeba mabawabu, ili magari yasipotezane gizani. Lalit alizijaribu dukani jioni. Priyanka alikuwa kwenye kaunta, mkono mmoja tumboni. Alikuwa mjamzito, na hili ni lazima mlijue: mimba mbili zilikuwa zimemtoka kabla ya hiyo. Hiyo ya tatu ndiyo iliyoshika, mtoto akaanza kucheza tumboni, na Priyanka alikuwa akiilinda hata dhidi ya kikohozi. Hakuna kitu kingine alichokitaka duniani.

Redio ikakwaruza, ikanyamaza. Halafu, karibu sana, sauti ya mtoto: "Baba."

"Masikini," Lalit akasema. "Kitoto kinatafuta babake. Kimeokota redio mahali."

Akabonyeza kitufe. Lalit amezaliwa Kisii, lakini Kikisii chake ni cha dukani: salamu, bei na matusi mawili. Na lile neno la kuwaitia wateja. Basi akachanganya, kwa roho nzuri kabisa: "Ndiyo, mwanangu. Baba yuko hapa. *Inchwo!* Njoo!"

Ikajibu pumzi, nzito, ya mtu aliyekimbia mbali. Na mtoto aliye tumboni mwa Priyanka akageuka ghafla hata akashika kaunta.

Tangu hapo nyumba ile haikulala. Mlango wa nyuma wa Peugeot ukawa unakutwa wazi kila asubuhi, hata ukifungwa kwa ufunguo. Harufu ya mto ikapanda ngazi, ikaingia jikoni, ikakaa kwenye mapazia. Pratik, mume wa Priyanka, akawa anaamka kukagua makufuli, anarudi kitandani, anaamka tena. Priyanka alitembea kwenye veranda akijishika tumbo, huku chini uani kitu kikitembea kila alipotembea, na alipokoma nacho kikikoma.

Siku ya safari Pratik alimwambia abaki.

"Nibaki na nani?" Priyanka aliuliza kwa sauti ya chini. "Wewe na Papa mtakuwa barabarani. Mimi nibaki na hicho? Nakuja."

"Barabara ni mbaya, Priyanka. Hali yako."

"Heri barabara."

Akakaa nyuma, juu ya lile shuka jeupe. Pratik akashika usukani, Lalit akashika redio. Nyanchera alitangulia na Volkswagen yake, na wa mwisho kabisa alikuwa fundi Ogari na Land Rover, kazi yake kuokota watakaoharibikiwa.

Mpaka Kericho mambo yalikuwa mazuri, msione nataka kuharibu kila kitu. Watu walipiga honi, walitaniana redioni, mwenye Datsun akaambiwa gari lake linakohoa kuliko nyanya yake. Lalit alifurahi mpaka akaimba. Ni kwenye kurudi, Chemosit imeshapitwa na ukungu umelala juu ya majani chai, ndipo redio ya Peugeot ilipoacha kutoa sauti za wenzao.

Ikatoa sauti ya Ogari peke yake, na Ogari hakuwa akitania.

"Mzee Lalit. Mzee, punguza mwendo kidogo. Iko mtoto anakimbia nyuma ya gari yenu."

Lalit akageuka. Kioo cha nyuma kilikuwa na ukungu mtupu. "Ogari, mtoto gani saa hii?"

"Mdogo tu. Hana viatu. Mzee, mimi naenda kwa kasi na simfikii. Hiyo kitu si mtoto."

"Kanyaga," Lalit akamwambia mwanawe.

Pratik akakanyaga, na ile Peugeot ambayo siku zote hulalamika kwenye mlima ikaondoka bila kulalamika, na nyayo zikaanza kusikika, pa, pa, pa, miguu mitupu juu ya lami, kwanza nyuma kabisa, halafu kando ya gurudumu, halafu kando ya mlango, na redio ikaanza kuita, Baba, Baba, na Lalit akaizima lakini iliyozimwa ikaendelea kuita, akaitoa betri na bado ikaita, na harufu ya mto ikajaa garini hata Pratik akawa anaendesha huku akitapatapa kutafuta hewa, na Priyanka huko nyuma akaona shuka jeupe likibonyea pembeni yake, polepole, kwa uzito wa mtu mdogo anayepanda kiti, likilowa, kisha akahisi juu ya tumbo lake kiganja kidogo cha baridi, kimetulia, kinasikiliza, na mtoto wake aliyekuwa akirusha mateke tangu Kericho akanyamaza kimya.

"Hachezi," Priyanka alinong'ona. "Papa, mtoto hachezi."

Hivyo ndivyo walivyoingia Kebirigo. Nyakerario, mama yake Nyanchera, alikuwa amesimama uani na birika kubwa la chai. Madereva wengine walikuwa wameshashika vikombe. Priyanka alibaki garini, mikono miwili tumboni. Mlango wa upande wa pili ulikuwa wazi na hakuna aliyeufungua.

Nyanchera alikuja mbio. Lalit akamweleza yote, maneno yakimrukiana: tope, redio, mtoto anayemwita baba yake.

Nyakerario alikuwa akisikiliza. Kizee kile ni chembamba na hakina haraka. "Alimwita vipi?" aliuliza. "Neno lenyewe."

"Baba. Anasema tu, Baba."

Nyakerario akaweka birika chini. "Nyanchera, mimi hapa unaniitaje?"

"Baba," Nyanchera alijibu. Halafu akajiziba mdomo.

Ogari, aliyekuwa ndio kwanza anafika, alivua kofia.

"Kwetu baba ndiyo mama," Nyakerario alimwambia Lalit. "Baba yenu ninyi, sisi tunamwita tata. Huyo hatafuti mwanamume." Akaizunguka Peugeot taratibu, akaigusa taa. "Gari hii naijua. Ilikuwa ya babako. Nilikuwa msichana. Alikuja huku kununua ndizi, tukamwomba ampeleke jirani yetu Jacinta hospitali, uzazi ulikuwa umemshinda. Tukamlaza hapo nyuma."

"Juu ya shuka," Lalit alisema. "Papa alikuwa anatusimulia. Mvua ilikuwa inanyesha. Alisema kulikuwa na mtoto anakimbia nyuma akiita baba yake, na baba yake alikuwa amesimama pale pale mlangoni pa nyumba yao. Kwa hiyo hakusimamisha gari."

"Alikuwa anamwita mamake."

Lalit akaketi chini, hapo hapo kwenye nyasi, na shati lake zuri la safari.

"Jacinta hakurudi," Nyakerario aliendelea. "Na mtoto wake yule aliyekimbia tulimpata asubuhi chini ya daraja, amekufa. Kwetu mtu akifa, mtoto mwingine hupewa jina lake, na aliyekufa akapata pa kukaa. Jina la huyo hakuna aliyethubutu kumpa mtoto wake. Ninyi mnasema jini. Sisi tunasema *ekerecha*. Sasa wewe, Lalit, umemwambia mama yuko hapa, njoo. Amekuja. Na aliyekaa mahali pa Jacinta ni huyu."

Priyanka alikuwa akilia bila sauti. "Nyanya, nisaidie. Nimepoteza wawili. Huyu naye asiende."

Kizee akapanda garini, akamshika mikono. "Mimi nitaomba. Wewe utamkataa kwa mdomo wako. Umwambie: mimi si baba yako. Hivyo hivyo, mwanangu. Neno lingine halijui."

Akafumba macho, akaanza kuomba kwa Kikisii, kwa nguvu, na wanaume uani wakainamisha vichwa. Taa za magari yote zikafifia. Shuka likabonyea zaidi. Ikaja ile pumzi, hapo hapo, kati ya Priyanka na kizee. "Baba."

Nani kati yetu angekumbuka? Uwe na mkono wa maiti tumboni, uwe unamlilia mtoto wako, halafu ukumbuke kuita mama baba? Priyanka akapiga kelele: "Mimi si mama yako! Tafadhali! Mimi si mama yako!"

Harufu ikakatika. Taa zikarudi. Mlango wa upande wa pili ukajifunga wenyewe, taratibu, kwa adabu, kama anavyoufunga mtu aliyekwisha kuketi.

"Anacheza!" Priyanka alilia, akacheka. "Pratik, anacheza! Shika hapa!"

Uani watu walipiga makofi. Wengine waliimba. Nyakerario alikuwa akiomba kwa sauti kubwa mno, hakusikia kilichosemwa. Nyanchera alisikia. Alifungua mdomo, kisha akamtazama Priyanka anavyocheka huku machozi yakimtiririka, amekumbatiwa na mumewe, mtoto anacheza. Amwambie nini? Aingie tena garini, amwite tena, aanze upya? Nyanchera alimmiminia chai kikombeni, akampa. Kulipokucha walikuwa Ogembo, na safari ikasifiwa.

Mtoto alizaliwa salama, wa kiume, wakamwita Parth. Tope halikuonekana tena kwenye Peugeot. Jambo moja tu: mtoto halali. Usiku kucha yuko macho, anahema, kichwa kimegeukia mlango, na Priyanka anatembea naye kwenye veranda, huku na huku, amekonda lakini anatabasamu.

Juzi alitimiza mwaka, wakamwalika Nyanchera. Nje jua lilikuwa linachoma. Parth alikuwa ameketi katikati ya sebule, na wote wawili, Lalit na Pratik, wamepiga magoti mbele yake wakimfundisha kwa mara ya elfu.

"Sema Papa. Pa-pa."

Mtoto aliwatazama. Akafungua mdomo.

"Baba."

Ee, kelele! Lalit alipiga makofi mpaka miwani ikamtoka. "Papa imemshinda, amesema kwa Kiswahili! Umesikia, Pratik? Amekuita!" Pratik akanyoosha mikono, uso wote umejaa raha.

Parth akaipita mikono hiyo. Alitambaa, anahema, akavuka zulia lote, na Nyanchera akaona miguu yake midogo inaacha alama za maji nyuma yake. Akafika kwa Priyanka, akashika gauni lake kwa viganja viwili.

"Baba," alisema.

Priyanka alimwinulia Nyanchera macho. Hapo Nyanchera akajua kwamba mwenzake anajua, na kwamba amejua muda mrefu, usiku mwingi wa kutembea kwenye veranda ile. Kisha Priyanka akainama, akamnyanyua, akambana kifuani.

"Ndiyo, mwanangu," alimwambia polepole. "Baba yuko hapa."

"Niko hapa, niko hapa!" Pratik aliitikia kutoka kwenye zulia, akicheka.

Mtoto aliegemeza kichwa kwenye bega la Priyanka. Pumzi yake ikatulia, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akalala.