Kabula Alipopiga Mwano

Senta yetu ya maduka iko nje kidogo ya Kasoli, kando ya barabara ya vumbi. Pamba ikianza kuuzwa, hata mbuzi wetu hukohoa nyuzi nyeupe. Watu hapa wanajuana sana. Wanajua ng'ombe wa nani ana pembe iliyovunjika, na jogoo wa nani huwika kabla ya wakati. Kitu kimoja tu walikuwa hawaambiani: nani anaumwa.

Mashimba alikuwa mkulima wa pamba na mfugaji. Mwaka jana alipimwa presha kule Bariadi. Ilikuwa juu. Akapewa vidonge, akaambiwa ameze kila siku. Alimeza kwa muda, akajiona mzima, akaacha. Vilivyobaki akavificha ndani ya buti la mvua. Mvua haikunyesha, basi buti likawa duka la dawa.

Siku moja mke wake, Kabula, akavikuta.

"Baba Joyness, hivi vidonge vimeingia kwenye buti kwa miguu gani?"

"Nimepona," Mashimba alijibu.

"Nani amekupima?"

"Nimejipima mwenyewe. Kichwa hakiniumi. Nalima, nakula, nalala. Na usiende kusema huko nje. Mtu mbaya akijua unaumwa, anapata njia ya kukumaliza."

Wengi waliamini hivyo. Mgonjwa alifungiwa ndani. Majirani walisikia habari zake kilio kilipoanza.

Kwa ng'ombe ilikuwa tofauti. Ng'ombe akiibwa, mwenye boma anapiga mwano, lile yowe la hatari la Wasukuma. Ukilisikia, unaacha ulichoshika. Wanaume wanatoka mbio na fimbo, pinde na mishale. Asiyetoka, sungusungu wanamtoza faini au wanamtenga. Hasalimiwi, wala hasagiwi mahindi mashineni. Wazee wanasimulia kwamba marehemu mmoja alisikia mwano akiwa njiani kwenda kuzikwa. Akaketi, akauliza ng'ombe wameelekea wapi. Alipoambiwa ni ndama mmoja tu, akalala tena.

Asubuhi moja Mashimba alikuwa anakunywa uji. Ghafla bakuli likaponyoka mkono wake wa kulia. Akataka kusema kitu. Maneno yakatoka kama ya mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Upande mmoja wa uso wake ukashuka.

"Mayu!" binti yao Joyness alimlilia mama yake. "Mayu, baba ana nini?"

Ndalahwa, kaka yake Mashimba, aliishi boma hilohilo. Aliingia, akafunga mlango nyuma yake.

"Tulieni," alisema. "Ni upepo mbaya. Joyness, leta maji anywe. Tutamchua huu mkono. Jioni nitamleta mganga. Mtu asijue."

"Shemeji, huyu ni wa hospitali," alisema Kabula. "Hatuna gari. Hatuna hata toroli. Lazima tuombe watu."

"Ukitoka mlangoni kutangaza, umemuua ndugu yangu."

"Nikikaa humu kimya, ndiyo nitakuwa nimemuua. Pisha!"

Ndalahwa hakupisha. Kabula akamsukuma. Wake wa ukoo ule hawakuwa na desturi ya kusukuma mashemeji, kwa hiyo Ndalahwa alishangaa kwanza kabla ya kuanguka juu ya kapu la viazi. Kabula akatoka nje, akapanda kichuguu, akapiga mwano.

Sauti ile! Kuku waliotaka kutaga waliahirisha. Huko mbali, kijiji cha Migato, fisi mmoja aliamka usingizini akaomba msamaha kwa kosa ambalo hajalifanya.

Watu wakaja kama siafu. Kinyozi alikuja na mteja wake, nusu ya kichwa imenyolewa. Mabula, mwenye mbio kuliko wote, hakusimama hata kidogo. Alipitiliza moja kwa moja porini. Aliporudi jioni aliapa kwamba ameziona nyayo za wezi. Mzee Nkinda, kamanda wa sungusungu, alifika akihema, upinde mkononi.

"Ng'wana Malimi!" alimwita Kabula kwa jina la baba yake. "Ng'ombe wameelekea wapi?"

"Ng'ombe wako zizini, Kamanda. Anayechukuliwa ni mtu. Ingia umwone."

"Umepiga mwano kwa ajili ya mgonjwa?"

"Nimepiga. Utanikasirikia baadaye. Sasa nibebee mume wangu."

Shukrani, mhudumu wa afya wa jamii, alikuwa katikati ya watu wale. Akapenya, akapiga magoti mbele ya Mashimba.

"Baba, hebu cheka kidogo."

Mdomo ukaenda upande mmoja.

"Inua mikono yote miwili."

Mkono wa kulia ukaanguka.

"Taja jina lako."

Mashimba akajaribu. Jina halikutoka.

"Hiki ni kiharusi," alisema Shukrani. "Mshipa wa damu kichwani umeziba, au umepasuka. Akiwahi hospitali, anaweza kusaidiwa. Joyness, ondoa hayo maji, atapaliwa. Asile wala asinywe chochote. Msimchue. Mlazeni kwa ubavu. Kabula, imeanza saa ngapi?"

"Sasa hivi, akinywa uji. Alfajiri alikamua ng'ombe, alikuwa mzima."

"Hilo ndilo umwambie daktari kwanza. Muda ni muhimu sana."

Hilali, mwenye duka, alikuja na pikapu yake akidhani anafukuza wezi. Nyuma kulikuwa na mifuko ya sukari.

"Shusheni sukari!" aliamuru. "Haya, ngosha, wanaume wazima, mnasubiri nini?"

Fimbo zilizoletwa kupiga wezi zikafungwa kwa khanga, zikawa machela. Mashimba akapakiwa. Gari likaondoka kwenda Bariadi.

Wiki iliyofuata Mashimba alikuwa bado wodini. Hata hivyo, baraza la sungusungu liliitwa. Ndalahwa ndiye aliyeleta shauri.

"Mwano ni wa wizi na vita," alisema. "Mwanamke huyu ameupiga kwa ugonjwa. Ameanika siri ya ukoo. Atoe dume la ng'ombe. Asipotoa, atengwe."

Baadhi ya wazee wakaitikia kwa kichwa. Kabula akasimama.

"Sitoi dume. Sitoi hata kwato lake. Nitengeni! Msiponisalimia, nitawasalimia mimi. Mwangaluka, Kamanda. Mwangaluka, Mzee Ndalahwa."

Wanawake wakacheka. Ndalahwa akageukia ukutani.

"Ng'ombe akiibwa mnakimbia mpaka miguu inatoka malengelenge," Kabula aliendelea. "Mama akivuja damu baada ya kujifungua, mnafunga mlango na kunong'ona. Wangapi mmewazika, na hamkujua kama walikuwa wanaumwa? Mtu akizidiwa tena, nitapiga mwano. Ukizidiwa wewe, shemeji, nitapiga mara mbili, maana wewe ni mkubwa."

"Unasikia dharau hiyo, Kamanda?" Ndalahwa alifoka.

"Nasikia," alisema Nkinda. "Shukrani, wewe unasemaje? Tutangaze kila kikohozi?"

"Hapana, baba. Kipimo cha mtu ni siri yake. Hakuna anayelazimishwa kukitangaza. Lakini hatari inahitaji watu. Mdomo kwenda upande, mkono kufa ganzi ghafla. Mama anayevuja damu. Mtoto mwenye degedege. Aliyeumwa na nyoka. Hao si wa kufungiwa ndani. Na presha si mpaka uumwe kichwa. Unaweza kujisikia mzima kabisa, na iko juu. Usiache vidonge bila daktari kusema."

Nkinda akakuna kidevu. Kisha akamtazama Ndalahwa.

"Mwaka juzi waliniibia ng'ombe. Kijiji kizima kikaja. Sasa niambie, Ndalahwa. Nikiugua mimi, lazima niote pembe ndipo mje?"

Baraza likalipuka kwa kicheko. Hakuna aliyetaja dume tena.

Siku ile waliamua mambo matatu. Mwano wa mgonjwa utafuatwa na neno "Mtu! Mtu!" ili watu waache pinde na walete usafiri. Namba za simu za Shukrani, Hilali na vijana wa bodaboda zikaandikwa kwa rangi kwenye ukuta wa mashine ya kusaga. Na kila siku ya gulio Shukrani angepima presha kwenye ghala la pamba.

Mashimba alirudi nyumbani. Mkono wa kulia bado ulikuwa dhaifu, na maneno yalitoka polepole, lakini yalitoka. Daktari alisema kuwahi kulimsaidia sana. Sasa anameza vidonge kila asubuhi mbele ya mke wake. Chumvi imepunguzwa mezani, naye analalamika, na hakuna anayemsikiliza. Jioni Joyness anamtembeza mpaka senta. Watu wanamsimamisha njiani, wanamuuliza hali. Naye anawajibu. Zamani angewaambia haiwahusu.

Foleni ya kupima presha ikawa ndefu kuliko ya kuuza pamba. Wengine walikutwa iko juu, wakaanza dawa kabla ya mdomo kwenda upande.

Ndalahwa hakuja. Gulio likapita, na jingine, na jingine. Kisha siku moja akaonekana mwisho wa foleni, kofia imeshuka mpaka puani. Shukrani akamfunga mkanda mkononi. Mashine ikanguruma. Akamwonyesha namba peke yake, akamweleza kwa sauti ya chini.

"Iko juu sana?" Ndalahwa alinong'ona.

"Iko juu. Uende hospitali leo, usingoje kesho. Si lazima umwambie mtu, baba."

Kabula alikuwa amekaa jirani, pamoja na mume wake. Alijua kabisa kinachoendelea. Akafunga mdomo wake kwa nguvu, na hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kupalilia ekari mbili.

Ndalahwa akamtazama mdogo wake Mashimba, aliyekuwa akifinyafinya mpira kwa mkono wa kulia kama alivyofundishwa hospitali. Kisha akasimama, akavua kofia.

"Hilali!" alipaza sauti, ghala zima likageuka. "Washa gari, unipeleke Bariadi. Mimi Ndalahwa nina presha! Imepanda! Mmesikia wote?"

"Tumesikia, baba!" watu wakajibu.

"Basi na huyo anayetaka kunimaliza asikie pia. Aje! Atanikuta nimeshameza vidonge!"