Aliyeitwa Kabla ya Kuinuliwa

Jirani yetu fundi cherehani hakuwaogopa frimasoni hata chembe, hata mumewe alipojiunga nao. Wenzake walipomnong'oneza habari za damu na kafara, aliangua kicheko. "Damu gani? Mume wangu huyu, akijikata akinyoa ndevu anataka kuzirai!"

Kilichomtafuna ni wivu. Kila Jumamosi mchana mumewe alioga, akapiga pasi shati, akabeba kibegi chake, na akiulizwa huko kuna nini, anajibu, "Mambo ya ndugu, mke wangu." Ndugu! Na yeye aliyemzalia watoto ni nani, mpangaji? Chama kile akakiita mke mwenza. Tena afadhali mke mwenza wa kweli, maana huyo utakutana naye sokoni, mtatukanana, yataisha.

Mume akapanda daraja la kwanza, akapanda la pili. Kila daraja lilimrudisha nyumbani mkimya zaidi. Siku ya daraja la tatu akajikaza akamwambia, "Leo nitalazwa kama maiti, kisha watanishika mkono waniinue. Ni igizo tu. Kama unanipenda, nisubiri hapa hapa."

Kama unanipenda! Neno hilo lilimchoma. Alisubiri mume akate kona, akavaa viatu, akamfuata hadi kwenye ukumbi wa chama.

Mlango wa nyuma wa ukumbi ulikuwa wazi. Akapenya jikoni, akachungulia penye upenyo wa pazia. Mumewe alikuwa chali sakafuni, amefunikwa shuka jeupe, na wanaume wenye aproni nyeupe wamemzunguka kwa heshima ambayo yeye hakuwahi kuonyeshwa na mtu. Mzee mmoja akainama kumshika mkono. Mwanamke akaona anaporwa mume mchana kweupe. Akaita. Akaita lile jina la chumbani, wasilolijua wengine.

Mume akainuka mwenyewe. Akaja. Akamshika mkono.

Hakuna aliyegeuka. Wale wanaume wote walikuwa bado wanatazama sakafuni.

Wakarudi kwa miguu. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Lakini mwanamke moyo wake ulikuwa kwatu. Mke mwenza kashindwa! Akamlaza kitandani, akamfunika, akaenda kuchemsha chai.

Mara hodi. Alikuwa yule mzee, kofia mkononi, macho mekundu.

"Shemeji," alinong'ona, "tulimvuta mkono, hakuinuka. Daktari anasema ni moyo. Mwili tumeuacha hospitali."

"Mwili wa nani? Mbona amelala humu ndani!"

Wakaingia wote wawili. Kitanda kilikuwa kitupu. Shuka lilikuwa la baridi.

Tulimzika, na fundi akalia mpaka sauti ikamkauka. Baada ya arobaini akarudi kwenye cherehani yake pale sebuleni. Akaja mteja, mwanamume mcheshi, anataka suruali. Fundi akamzungushia futi kiunoni, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akacheka.

Chumbani pakagongwa. Ngo. Ngo. Ngo.

"Una mgeni?" mteja akauliza.

Fundi alikuwa anautazama mkono wake mwenyewe. Ngozi ilikuwa inabonyea. Kidole kimoja. Kingine. Kingine.

"Ni mume wangu," alinong'ona. "Ana wivu."

Siku hizi anashona nguo za wanawake tu, na mwenyewe huvaa gauni la mikono mirefu hata wakati wa joto. Mimi nilimwona siku moja akifua, amekunja mikono ya gauni. Alama za vidole vitano bado zipo, na kila nikimkuta akifua naziona zimepanda juu kidogo.