Kuni za Arusi ya Nunu

Kila Jumamosi asubuhi Shemsa alifagia uwanja, kisha akaenda kumwagilia miche ya msitu wa kijiji. Jumamosi hiyo hakumwagilia chochote. Kesho yake dada yake Nunu alikuwa anaolewa, na wanawake wa Kiwengwa walikuwa wameshajifunga kanga viunoni kwenda kukata kuni za arusi. Shemsa akafuatana nao.

Walipofika msituni, Shangazi Ulfat, aliyetangulia na panga lake, alishika njia ya kulia, kwenye sehemu ambayo kijiji kizima kilikubaliana isiguswe. Huko ndiko ilikobaki miti ya matunda kama mifuu na mibungo, na midaa ambayo mizizi yake hutumika kutia rangi ukili wa mikeka. Kwingine ilishamalizwa.

Shemsa alipita mbio, akasimama katikati ya njia.

"Shangazi, huku kumefungwa."

"Nnajua. Mkono nilioinua kukubali ni huu huu. Lakini arusi ni arusi."

"Juzi ilikuwa hitima, kabla yake jando. Kila nyumba ina shughuli yake. Utabaki mti gani?"

"Unataka dada yako aaibike? Watu wa bwana arusi watoke Mtoni waje kula wali mbichi?"

Maneno hayo yalimchoma, maana alimpenda sana Nunu. Machozi yalimlenga, lakini hakusogea.

"Sitaki aaibike, na hapa siondoki. Makumbi na vifuu vya nazi vimejaa nyuma ya nyumba zetu. Tupikie hivyo."

Wanawake walicheka. Pilau ya arusi kwa makumbi? Mama yake tu, Bi Maha, hakucheka.

"Mwenye arusi ni mie," alisema. "Turudini."

Haba na haba hujaza kibaba. Shemsa alipiga hodi kila mlango, na hata waliomcheka walitoa. Kufika magharibi, rundo la makumbi lilikuwa refu kumshinda yeye.

Siku ya arusi moshi uliwaliza wapishi, na Shangazi Ulfat alinung'unika mpaka masufuria yalipoepuliwa. Lakini pilau iliiva, na wageni wa Mtoni waliomba mpaka ukoko.

"Shemsa," Shangazi aliita.

"Naam, Shangazi."

"Kaa ule." Alimsogezea sahani, macho bado mekundu. "Sheria ikilegezwa kwa kila mwenye shughuli, si sheria tena. Msitu ule tunaumaliza wenyewe, mwanangu, kila mtu na udhuru wake. Siku nikija na udhuru mwengine, nizuie tena."