Haluli ya Mwalimu Mkuu

Mwalimu Mkuu Wanzagi alikutwa saa mbili asubuhi amekufa, amelalia meza ya ofisi yake, katika sekondari moja ya kata ya Guta, Bunda. Glasi ilikuwa mkononi. Matapishi yalikuwa juu ya daftari la mahudhurio.

"Alikunywa nini?" aliuliza Inspekta Mniko.

"Chumvi ya haluli," alisema Skolastika, mhudumu wa maabara. "Tumbo lilikuwaga linamfunga. Kila Jumatatu nampimia kutoka chupa ya maabara."

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi na Mwalimu Magige wa kemia."

Siku ya tano majibu ya mkemia yalifika. Chupa ya haluli ilikuwa na bariamu kloridi, sumu nyeupe kama chumvi. Duka moja la kemikali la Musoma likatoa hati iliyoiagiza: herufi kubwa, mhuri wa shule, jina la Skolastika. Mama huyo akalala mahabusu. Kesi ya mauaji haina dhamana.

Mniko alimwonyesha hati.

"Hii sikuiandika mimi."

"Kila mtuhumiwa husema hivyo."

"Imeandikwa na mjinga, afande. BaCl. Hakuna kitu hicho duniani. Bariamu ni elementi yenye mikono miwili, ndiyo valensi yake. Klorini ina mkono mmoja. Bariamu moja inashika klorini mbili, ndipo upate kampaundi. Kuna mbili ndogo inakaa pale chini. Uzito wa atomi, bariamu 137, klorini 35.5 mara mbili. Jumla 208. Nimebandika lebo hizo miaka kumi na tisa."

Mniko alipata F ya kemia, lakini habari ya mikono aliielewa.

Alimkuta Magige ofisi ya walimu, tai shingoni, anachokonoa meno.

"Bado unazunguka, afande? Mwosha chupa wa darasa la saba mnampa ufunguo wa maabara, mlitegemea nini?"

"Niandikie sumu ile kwa kifupi chenu. Mimi kemia ilinishinda."

"Inaonekana." Magige aliandika bila kufikiri, akaisukuma karatasi kwa kidole. "Au nikuchoree?"

BaCl.

Mniko aliiweka hati kando yake.

"Shahada yako ni ya wapi, mwalimu?"

"Inahusiana nini?"

"Nilipiga simu chuo kilichoandikwa kwenye faili lako. Hawakujui. Wanzagi naye alishapiga?"

Magige aliacha kuchokonoa meno.

"Alinipa mpaka Ijumaa nilete cheti halisi," alisema. "Miaka sita wananiita Profesa. Nirudi Kibara nikaparue samaki? Yule mama alishanisahihisha mbele ya kidato cha pili. Nikaona waende wote wawili."

"Wanaoparua samaki wanaijua kazi yao," alisema Mniko, akatoa pingu. "Wewe umewapa F watoto wa watu miaka sita, na hata sumu ya kuulia umeiandika kwa kukosea."

Jioni Skolastika aliletwa kaunta kusaini karatasi za kuachiwa. Hati ilikuwa juu ya jalada. Aliitazama kama mtu anayetazama sahani iliyooshwa nusu, kisha akaelekeza kalamu pale chini, mahali pa ile mbili ndogo.

Mniko akaishika kalamu.

"Acha hivyohivyo, mama. Kosa hilo ndilo linalomfunga."